Mgeni wa Chumba cha Kazi

Tangu Mjomba afike kwa Bi Shaba, kila wiki alikuwa anaondoka Jumatatu. Wiki ya kwanza alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Amekuja na sanduku moja la kahawia na jicho lililovimba, atamwona daktari, Jumatatu anaondoka. Jicho likapona. Jumatatu ikaja ikapita, nyingine zikafuata, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na Mjomba bado alikuwa anaondoka Jumatatu. Akimaliza kula jioni hujifuta mdomo, husukuma sahani kidogo, husema, "Haya, mwanangu, nimeshiba. Jumatatu naondoka." Na Bi Shaba hujibu, "Mbona haraka hivyo, Mjomba? Kaa kidogo." Kisha huenda kuosha vyombo.

Usidhani ulikuwa utani mtupu. Utani ulikuwemo, maana Mjomba hakujaliwa kusema neno bila kulitia chumvi, lakini chini ya utani kulikuwa na adabu, na adabu hiyo ilikuwa na kazi yake. Maisha yake yote Mjomba alikuwa mkata tiketi katika jumba la sinema, hadi jumba likageuzwa ghala la saruji, na chumba alichopewa kuishi nyuma ya jumba kikaenda nalo. Mke alishafariki, watoto hawakujaliwa. Hakuwa na pa kwenda. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyewahi kulitamka. Mgeni haulizwi amekuja kufanya nini wala atakaa mpaka lini. Mtu asiye na kwao ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo maadamu Jumatatu ilikuwa njiani, Mjomba alikuwa mgeni, na heshima yake ilikuwa mahali pake.

Bi Shaba si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na majirani kwa sababu ya vipande vya waya wa shaba vilivyoganda kwenye mikono ya koti lake la kazi na mara nyingine kwenye nywele. Alikuwa fundi wa kusuka mota. Feni ikiungua, pampu ya maji ikigoma, yeye huifungua, huchomoa waya uliounguzwa, na kuisuka upya koili kwa koili. Kazi hiyo aliifanya kiwandani miaka mingi, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akakaa wiki moja akinuna. Wiki ya pili akaenda kujiandikisha, akarudi na cheti kilichosema kwamba ana biashara ya mtu mmoja, akakitundika ukutani juu ya meza ya kazi.

Mjomba alikisoma kwa sauti. "Biashara ya mtu mmoja," akasema. "Na mimi je, paka?"

"Wewe mgeni, Mjomba."

"Kweli. Nilisahau."

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na jiko mwisho wa korido. Chumba kimoja alilala Bi Shaba. Cha pili kilikuwa na meza dirishani, mashine ya kusukia iliyofungwa kwa skrubu pembeni mwa meza, makopo ya vanishi, na feni za watu zimelaliana sakafuni. Kwenye ukuta wa upande wa pili kulikuwa na kitanda chembamba cha Mjomba, msumari wa koti lake, na nyuma ya mlango sanduku la kahawia, limesimamishwa wima, tayari kwa safari.

Kitanda hicho kilikuwa pia kiti cha kazi. Asubuhi Mjomba hukunja shuka, hukaa ukingoni, hushika mkono wa mashine na kuuzungusha, huku Bi Shaba akiuongoza waya kwa vidole usipande juu ya mwenzake. Mjomba ndiye aliyehesabu mizunguko, maana koili moja ikizidi nyingine mota huchemka na kazi yote ni bure. Alihesabu kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia watu mlangoni mwa sinema. Ukimwamkia katikati ya hesabu, hakujibu. Alikuinulia mkono usubiri, akafika mwisho wa koili, ndipo akageuka na kusema, "Marahaba. Ulikuwa unasemaje?"

Na ni yeye aliyemfanya Bi Shaba atunze risiti. Tangu siku ya kwanza ya biashara alimfuata nyuma kama mkaguzi. "Kishina, mwanangu. Kishina kiko wapi? Umenunua waya, kishina kiko wapi?" Kishina ni kile kipande cha tiketi kinachobaki baada ya kukatwa, na Bi Shaba aliona ni mazoea ya kazi ya zamani, akamwachia. Mjomba akapinda waya mnene, akazitunga risiti zote humo, kuanzia ya kwanza, na akautundika chini ya cheti.

Mwaka wa biashara ulipoisha, tangazo likatolewa kwamba kila mwenye biashara apeleke ritani, yaani maelezo ya alichoingiza na alichotumia, kabla mwezi haujaisha, na atakayechelewa atapigwa faini. Alhamisi asubuhi Bi Shaba akavaa gauni lake zuri, akatia ule waya wa risiti kwenye mfuko, akaenda ofisi ya kodi.

Kwenye dawati la msaada alikuwepo karani mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, pua nyekundu kwa mafua. Aliutazama ule waya wa risiti, kisha akamtazama Bi Shaba.

"Ritani ya kwanza?"

"Ya kwanza, dada."

"Basi pumua. Watu wanakuja hapa wanatetemeka kama wameiba. Hutozwi kwa kila kilichoingia mkononi mwako. Tunaandika mauzo, tunatoa gharama za kazi, kinachobaki ni faida, na hiyo faida ndiyo inayotozwa. Umenielewa?"

Bi Shaba alielewa. Hakutegemea kuelewa, na alijisikia mwepesi. Wakaanza kuchomoa risiti moja moja. Waya wa shaba, gharama. Vanishi, gharama. Nauli ya kupeleka pampu kwa mteja, gharama. Simu, nusu yake, kwa kuwa nusu nyingine anaongea na dada zake. Mashine ya kusukia ni gharama pia, lakini haitolewi yote kwa mpigo, inagawanywa kwa miaka itakayofanya kazi.

"Hii nauli ya Jumamosi ni ya nini?"

"Nilikwenda harusini."

"Si gharama."

"Lakini dada, feni ya ukumbini iliungua na wakanipa kazi pale pale."

"Ulikwenda kwa ajili ya feni?"

Bi Shaba akafikiri. "Nilikwenda kula."

"Si gharama," alisema karani, akapiga chafya. "Na hapa umeandika mshahara wa fundi. Fundi gani?"

"Mimi."

"Nani anamlipa?"

"Mimi."

Karani akavua miwani. "Sikiliza, dada yangu. Biashara yako ni ya mtu mmoja. Wewe na biashara ni kitu kimoja. Ukitoa pesa mfuko wa kulia ukatia mfuko wa kushoto, hujamlipa mtu." Akapitisha kalamu juu ya mshahara, na mwaka mzima wa jasho ukapigwa mstari bila kelele. Bi Shaba akaona haya kidogo, kama mtu aliyekutwa akizungumza peke yake.

Walipojumlisha, kodi ikatokea kubwa kuliko alivyotegemea. Na hapo ndipo moyo ulipomshuka, maana alikuwa na jambo. Shule moja ya jirani ilikuwa imemwahidi pampu zake tatu azisuke zote, kazi kubwa kuliko yoyote aliyowahi kupata, lakini waya anunue mwenyewe kwanza, atalipwa akimaliza. Pesa za waya alikuwa ameziweka. Kodi ile ingezichukua karibu zote.

Karani aliuona uso wake. "Kazi unafanyia wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye chumba gani?"

"Nina vyumba viwili. Kimoja ndicho cha kazi."

"Mbona husemi! Hiyo ni nusu ya pango lako la mwaka mzima, dada. Kama chumba hicho ni cha kazi tu, kinatolewa." Akageuza karatasi, akapiga hesabu upya, na kodi ikasinyaa hadi kuwa kitu cha kulipwa na chenji ya wiki. "Ila lazima kiwe cha kazi tu. Hakuna mtu anayelala humo?"

Swali lilikuwa jepesi na Bi Shaba alikuwa na jibu lake la kila siku. Mdomo ulijibu wenyewe. "Yupo mgeni tu. Anaondoka Jumatatu."

"Mgeni wa siku mbili tatu si neno," alisema karani, akaandika. "Wanaoomba chumba kwa mara ya kwanza tunakwenda kukiona. Jumanne nitapita mwenyewe, nipime, nisaini, tumalize. Sawa?"

"Sawa," alisema Bi Shaba.

Alipofika barabarani ndipo maneno yake yalipomfikia. Alikuwa ameyasema mara ngapi maneno hayo, na majirani, na wateja, na dada zake kwenye simu? Mgeni tu, anaondoka Jumatatu. Na hayakuwahi kuwa uongo. Nyumbani yalikuwa shuka aliyomfunika nayo mzee. Kumbe maneno ni yale yale, ukiyahamisha kutoka mezani kwako ukayapeleka kwenye meza ya serikali, yanakuwa uongo, tena uongo wenye saini. Alitembea taratibu, na furaha ya pampu tatu ilitembea naye, maana hatuwezi kumsingizia kwamba haikuwepo. Ilikuwepo.

Jioni alimsimulia Mjomba habari zote. Alimwigizia karani na chafya zake, akamweleza ya harusi, na Mjomba akacheka hadi akashika mbavu. "Nilikwenda kula! Wewe mtoto, serikali unaiambia hivyo?" Akamweleza ya mshahara, na Mjomba akasikitika kwa niaba yake. Halafu, kwa kuwa ulimi ulishachangamka, akaendelea.

"Ila chumba kimetuokoa. Jumanne atakuja mwenyewe kukiona."

"Kuona nini?"

"Kuona kama ni cha kazi tu."

Alilisikia neno likitua. Mjomba aliangalia sahani yake. Akajifuta mdomo, pole pole kuliko siku zote, akaisukuma sahani.

"Haya, mwanangu, nimeshiba," akasema. "Jumatatu naondoka."

Hapo palikuwa na mahali pa Bi Shaba kusema mbona haraka hivyo. Mahali hapo palikuwa pake kwa miaka mitatu. Na hakusema. Alichelewa kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate. Pampu tatu zilipita kichwani, na zilipomaliza kupita nafasi ilikuwa imeshafungwa.

"Utafikia wapi, Mjomba?" ndilo lililomtoka.

"Kwa rafiki yangu. Yule niliyekuwa nakata naye tiketi, yeye mlango wa pili. Siku nyingi ananiita."

"Nisalimie sana," alisema Bi Shaba.

Akaenda jikoni, akafungua maji, akasimama. Rafiki wa mlango wa pili walimzika mwaka uliopita. Yeye Bi Shaba ndiye aliyempigia Mjomba pasi lile koti la kwenda mazishini, na Mjomba aliporudi ndiye aliyekaa naye siku nzima bila kusuka kitu. Mjomba alijua kwamba Bi Shaba anajua. Na bado mmoja alimtaja marehemu, na mwingine akatuma salamu, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kupita bila kugongana. Bi Shaba alijichukia jioni ile. Alijichukia waziwazi, akiwa ameshika sufuria, na hakujua pa kuanzia kusahihisha. Angemwambia nini? Usiende, najua huna pa kwenda? Kumwambia hivyo kulikuwa sawa na kumtoa nje, tena vibaya zaidi.

Ijumaa na Jumamosi walifanya kazi kama kawaida. Mjomba alihesabu. Jumapili aliomba rangi ya viatu, akakaa kizingitini akavipiga brashi viatu vyake hadi vikang'aa, na kila jirani aliyepita alimwambia, "Kesho safari." Jirani wa mbele akamjibu, "Safari ya ngapi hiyo, Mjomba?" Wakacheka wote, na Mjomba alicheka kuliko wote. Bi Shaba alikuwa ndani na alisikia kila kitu.

Jumatatu asubuhi kitanda kilikuwa kimekunjwa na kuegemezwa ukutani. Mjomba alivaa koti. Alisimama katikati ya chumba, akakikagua kama anavyokagua mtu ukumbi kabla ya watu kuingia, akasogeza kopo moja la vanishi likae sawa na mengine.

"Sasa ni cha kazi," akasema. "Jumanne yule karani asije akakusumbua. Na risiti ya wiki hii nimeitunga, usije ukaitafuta."

"Nikusindikize, Mjomba."

"Nisindikize, ndiyo. Mgeni husindikizwa."

Bi Shaba akalinyanyua sanduku, na kidogo aanguke. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, na uzito haukuwepo. Ndani mlikuwa na shati, labda mawili. Akageuka akatazama nyumba. Kikombe cha Mjomba cha bati kilikuwa kwenye ndoano jikoni. Redio yake ndogo ilikuwa kwenye rafu. Ndala zake zilikuwa mlangoni, zimepangwa pamoja, na blanketi lake, na wembe wake, na ule mto wa pamba alioushona mwenyewe wakati wa baridi. Mjomba hakuwa amechukua hata kimoja. Aliondoka na alichokuja nacho, kwa sababu mgeni ndivyo anavyoondoka. Miaka mitatu ilibaki ndani ya nyumba, na yeye alikuwa anatoka bila hiyo, ili karatasi ya Bi Shaba isiwe ya uongo.

Walitembea bega kwa bega. Mjomba alizungumza juu ya bei ya saruji. Walipofika njia panda, ambapo kulia ni stendi na kushoto ni maofisi, Bi Shaba akasema, "Nina mahali nataka kupita kwanza. Ni hapo tu."

"Pita, mwanangu. Mimi sina haraka."

Akampitisha ofisi ya kodi, sanduku mkononi, hadi dawati la msaada. Karani alikuwa na mafua bado. Alimwona mzee, akainuka kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Pole na mafua."

"Dada," alisema Bi Shaba, kabla ujasiri haujamtoroka, "nimekuja kufuta chumba."

"Chumba kipi? Si nakuja kesho?"

"Usije. Si cha kazi tu. Alhamisi nilikudanganya."

Karani akavaa miwani. "Mgeni hajaondoka?"

"Si mgeni," alisema Bi Shaba. Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu wawili kwenye benchi waligeuka. "Ni mjomba wangu. Anaishi pale. Ni mwaka wa tatu. Kile ni chumba chake, mimi ndiye niliyeingiza meza humo nikamjazia feni."

Mjomba alikuwa amesimama wima sana. "Binti," akamwambia karani, kwa ile sauti yake ya mlangoni, "usimsikilize, amechoka, kazi nyingi. Mimi ni msafiri. Unaona sanduku? Naondoka leo hii."

Karani akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kazini kwake alishazoea watu wanaobishana kwamba walitumia zaidi. Hawa walikuwa wanabishana kinyume, na kila mmoja alikuwa anajaribu kumlipia mwenzake.

"Mwenye biashara ni nani?" akauliza hatimaye.

"Mimi."

"Basi samahani, mzee, hapa namsikiliza mwenye biashara." Akachukua karatasi, akaikata ile sehemu ya chumba kwa mstari mmoja. "Na huyu mzee humo chumbani anafanya nini mchana?"

"Anazungusha mashine. Anahesabu koili."

"Unamlipa?"

"Mimi silipwi," alidakia Mjomba, kwa hasira ya kweli sasa. "Nani kasema nalipwa? Mtu atalipwaje na mtoto wake?"

"Kama halipwi, hakuna cha kuandika," alisema karani. Hakuwa anatania wala hakuwa anachoma. Alikuwa anajaza ritani. "Mwaka huu ukimlipa, tunza vocha ya malipo, mwakani itatolewa. Kwa mwaka uliopita kodi yako ni ile ya kwanza, dada. Nikuombee ulipe kwa awamu mbili?"

"Niombee."

Akasaini. Waya wa pampu mbili ulikwenda na saini hiyo, na Bi Shaba aliuona ukienda, akauacha uende.

Nje jua lilikuwa limepanda. Walishuka ngazi za ofisi, Mjomba mbele. Chini ya ngazi alisimama, akatoa leso, akajifuta shingo.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Miaka mitatu nimejistahi, wewe umekuja kunisema kwenye dirisha la kodi. Na benchi limejaa."

"Nisamehe. Lakini rafiki yako tulimzika, Mjomba." Sasa alikuwa analia na hakujali. "Tulimzika, na mimi nikakwambia nisalimie. Nilikuacha uende kwa maiti kwa sababu ya pampu. Tangu Alhamisi sina raha hata kidogo."

Mjomba aliikunja leso, akaikunja tena, hadi haikukunjika zaidi.

"Nilikusikia," akasema. "Nikasema, haya, huyu mtoto nimempa mtihani mkubwa, na amejibu kwa adabu. Wewe ungetaka nikujibu nini? Nilitaka kusema salamu zimefika, nikaona nitacheka." Na kweli mdomo ulimcheza kidogo, upande mmoja. Kisha ukatulia. "Niliogopa, mwanangu. Nilipita hapa na wewe nikijua kabisa nitakaa stendi tu, niangalie magari, mpaka giza liingie. Baada ya hapo sikujua."

 Bi Shaba alichukua sanduku kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mzee kiwiko, wakageuka upande wa nyumbani. Walipopita njia panda Mjomba akarudia habari za saruji pale alipoziachia.

Majirani waliwaona wakirudi. Yule wa mbele alifungua mdomo kusema neno, akaona uso wa Bi Shaba, akaufunga.

Mchana Bi Shaba alikilaza kitanda mahali pake. Akafungua sanduku la kahawia, akatoa mashati mawili, akayatundika kwenye msumari na koti, kisha akalitia sanduku mabaki ya shaba ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, akalisukuma chini ya meza. Mjomba alimtazama akifanya hivyo.

"Hiyo ni mali ya mtu," akasema.

"Aje ashitaki. Akija nitamwonyesha dirisha la kodi."

Mjomba akaguna. Hakucheka, lakini hakulitoa sanduku pia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kwenye lile bonde alilolichimba mwenyewe kwa kukaa, akaushika mkono wa mashine. Wakamaliza feni iliyokuwa imebaki tangu Jumamosi. Alihesabu kwa sauti ndogo mwanzoni, na kufika koili ya tatu sauti ikawa imerudi.

Jioni walikula. Bi Shaba alikuwa anapiga hesabu kwa sauti, Mjomba akisikiliza. Pesa za waya wa pampu moja alikuwa nazo. Angeenda shuleni kesho, awaambie atazisuka moja baada ya nyingine, na kama hawataki basi, watafute fundi mwingine. Aliogopa watasema wanatafuta mwingine. Lakini ulikuwa woga wa kazi tu, na woga huo anaujua, unakaa naye mezani na kuondoka.

Mjomba alimaliza. Akajifuta mdomo, akaisukuma sahani kidogo.

"Haya, mwanangu," akasema, "nimeshiba."

Bi Shaba alikuwa ameshaanza kukusanya vyombo. Mikono ikasimama. Aliangalia sahani na hakuthubutu kuinua macho.

"Jumatatu," alisema Mjomba. Akatazama nyuma ya mlango, palipokuwa na sanduku, ambapo sasa palikuwa na alama tu ya vumbi. Akasafisha koo, akaanza upya. "Jumatatu ijayo watu wa shule wakubaliane na wewe walete hiyo pampu ya kwanza. Na waya ununue mapema, usije ukanikalisha bure. Na kishina uniletee."

"Sawa, Mjomba," alisema Bi Shaba.

Akaenda kuosha vyombo, akaanza na kile kikombe cha bati.